Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya jiji la Dar es Salaam: Vituo vyenu viko midomoni mwa makonda, viandikeni

Kwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, wakurugenzi wa halmashauri zake 5, wenye mamlaka ya kutoa leseni za daladala na kuzipangia njia, na wakuu wa vyuo vikuu vinavyopokea wanafunzi kutoka nje ya Tanzania.

Waheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima ninawaandikia mimi, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimojawapo cha jijini humu, mzaliwa wa Mombasa, niliyekuja kusoma kwenu nikiamini kwamba, miongoni mwa wanafunzi wote wa kigeni, mimi ndiye niliyekuwa na sababu ndogo kabisa ya kupotea. Kiswahili nilikinyonya pamoja na maziwa ya mama. Joto la pwani nimelizoea, na hata harufu ya Kariakoo wakati wa jua kali haikunishangaza, kwa sababu soko la Kongowea nalijua. Hata hivyo nilipotea, tena katika wiki yangu ya kwanza, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu na karatasi ya maelekezo mkononi. Nimekaa na jambo hilo kwa zaidi ya mwaka nikijiuliza kama kosa lilikuwa langu au la jiji. Nimeridhika kwamba tuligawana, na sehemu ya jiji ndiyo ninayoileta kwenu.

Mwanafunzi mgeni anapofika huwa na shughuli nyingi kuliko mwenyeji, na shughuli hizo hazikai mahali pamoja. Ana usajili wa chuo, ana taratibu za uhamiaji, ana akaunti ya benki ya kufungua, ana laini ya simu ya kusajili kwa alama za vidole huku pasipoti ikiwa mkononi, na yote hayo yana tarehe zake za mwisho. Mimi nilitakiwa kupeleka hati zangu katika ofisi moja ya serikali iliyoko upande wa Temeke. Karatasi niliyopewa ilinitajia sanduku la posta, namba ya kiwanja na jina la barabara, mambo matatu ambayo hakuna konda hata mmoja katika jiji hili anayeyajua wala anayehitaji kuyajua. Aliyenisaidia ni dada mmoja wa chumba cha jirani bwenini, aliyenielekeza huku akisuka nywele: nenda Mawasiliano, panda gari la Gongo la Mboto, shuka Tazara, vuka barabara, kisha panda la Temeke. Niliyaandika maneno hayo nyuma ya ile karatasi, nami nasema mpaka leo kwamba upande ule wa nyuma ndio uliokuwa anwani halisi.

Mkosi ulianza kabla sijafika popote. Nilisimama kituoni kusubiri gari lililoandikwa Mawasiliano, na katika muda huo niliyaacha yapite magari matatu yaliyoandikwa Simu 2000, kwa kuwa sikuwa na habari kwamba Simu 2000 na Mawasiliano ni stendi moja yenye majina mawili. Baada ya kuambiwa na mzee mmoja, na kufika huko hatimaye, nikaanza kutafuta Gongo la Mboto, nikakuta magari yameandikwa "G/Mboto". Hilo nililifumbua mwenyewe. Nikapanda, nikasimama kwa sababu viti vilikwishajaa, na konda akanijia akichezesha sarafu kiganjani, akaniuliza kwa haraka:

"Wa wapi?"

Nikamjibu kwa fahari yote ya mtu anayepaonea kwao fahari: "Wa Mombasa."

Hakusema neno. Alichukua pesa yangu, akanirudishia chenji, akaendelea na wengine. Waheshimiwa wenyeji wa Dar es Salaam mmekwisha kuelewa nilichokifanya. Mimi ilinichukua saa nzima. Kwetu mtu akikuuliza wewe ni wa wapi, anaulizia ukoo na mji wako. Ndani ya daladala, konda anauliza utashukia wapi ili ajue akudai nauli gani. Na kama Mungu alivyopenda, kwenye njia ile ile ya Gongo la Mboto, maeneo ya Ukonga, kuna kituo kinachoitwa Mombasa.

Gari likashika Barabara ya Mandela. Dirisha lililokuwa mbele ya macho yangu lilikuwa limebandikwa karatasi za rangi kuanzia juu mpaka chini, na pale palipobaki wazi palizibwa na bega la kaka mmoja aliyekuwa akisafiri na feni mpya ndani ya boksi. Nilimsikia konda akitaja Riverside, Relini, Buguruni Sheli, kila jina likitoka mara moja tu na kwa kasi ya mtu anayewatajia watu wanaojua. Tazara aliitaja pia, nadhani, lakini pale palikuwa na honi, na mtoto alikuwa akilia, nami nilikuwa nimeshajipumzisha moyo kwamba konda anajua ninakokwenda kwa kuwa alikuwa amenihoji. Nilihisi gari likikata kona kwenye ule mzunguko wa daraja la juu. Nilisikia ndege ikipita chini sana. Mtu aliyekuja kwa basi hajui uwanja wa ndege uko upande gani wa mji, kwa hiyo sauti ile haikunizindua. Tulipita Kipawa, tukapita Banana, kisha sauti ikapigwa kutoka mlangoni:

"Mombasa hapo! Dada wa Mombasa, shuka!"

Nilicheka nikidhani ananitania. Alipoona sisogei akaongeza, bila ukali, "Si ulisema wa Mombasa wewe?" Gari zima likanigeukia. Nikashuka.

Pembeni mwa kituo alikuwapo mama mmoja anayekaanga mihogo, karai lake likiwa juu ya mkaa, na kando yake chupa ya soda iliyotobolewa kizibo, ndani yake pilipili ya kusagwa aliyokuwa akiinyunyiza kwenye mhogo kwa kuichapa chupa kitako. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, akaniuliza mbona nimesimama kama niliyeibiwa. Nikamuuliza, mama, hapa ni wapi. Akanijibu: Mombasa. Nikamwambia kwamba mimi ndiko ninakotoka. Mama yule aliweka chini kijiko chake cha matundu, akanitazama viatu, akatazama karatasi yangu, akasema, "Basi mwanangu wewe umepotea kabisa." Alinikatia mhogo mmoja akakataa fedha yangu, na lilipokuja gari la kurudi alimwita konda kwa jina, akamwambia, "Huyu ni mgeni wangu. Mshushe Tazara, na umwoneshe kwa kidole gari la Temeke." Konda alifanya hivyo hivyo, kwa kidole. Nilifika mlangoni pa ile ofisi mlinzi akiwa anafunga geti, kwa kuwa saa 9:30 alasiri ilikuwa imepita.

Ninaisimulia safari hii kwa urefu, nikijua kwamba inachekesha, ili mwone kwamba hakuna mtu ndani yake aliyenitendea ubaya. Kila niliyemuuliza alinijibu kwa upole, na konda alinitoza nauli ya haki kwa kituo nilichokitaja mwenyewe. Kwa hiyo siandiki kulalamikia makonda, na itaniuma sana kama barua hii itamfikia mkubwa fulani akatoa tamko la kuwakemea. Konda wa Dar es Salaam ndiye ramani pekee ya jiji hili inayofanya kazi. Ninacholalamikia ni kwamba jiji lenye watu 5,383,728 kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2022 limeiacha ramani hiyo ikae kinywani mwa kijana anayening'inia mlangoni, bila nakala mahali pengine popote.

Tangu siku ile nimezungumza na wanafunzi wenzangu wageni. Mwenzetu kutoka Moroni aliambiwa na mwenyeji wake kwamba nyumbani ni Mbezi. Basi lake lilipomteremsha katika kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kilichoko Mbezi, alimshukuru Mungu kwamba amefika, akakaa juu ya sanduku lake akisubiri, na mwenyeji alikuwa akimsubiri Mbezi Beach, barabara nyingine na upande mwingine kabisa wa jiji. Ndugu mmoja wa Bukavu alitaka kwenda Makumbusho ya Taifa, ambayo yako katikati ya mji, akapanda gari lililoandikwa Makumbusho, akashukia stendi ya Kijitonyama. Kuna Mtongani ya Kunduchi na Mtongani ya Temeke. Kuna Kongowe ya Mbagala na Kongowe ya Kibaha. Kuna Namanga pale Msasani, na mwanafunzi Mkenya akisikia Namanga anawaza mpaka wa Kenya na Tanzania. Na kuna dada wa Juba, ambaye Kiswahili alikuwa hajakijua hata kidogo, aliyezimikiwa na simu saa moja usiku mahali ambapo mpaka leo hawezi kupataja. Alitembea akifuata taa kubwa mpaka akakuta kituo cha polisi. Kisa chake hakichekeshi, wala yeye hakisimulii akicheka.

Nitajibiwa kwamba kuuliza si ujinga, nami nakubali. Lakini anayeuliza sharti ajue jina la anachokiulizia, na sharti amwelewe anayemjibu. Mjini hapa nimeelekezwa nishuke kwenye mataa, nikate kwenye kipilefti, nipite sheli, nikiulizia kwa Mangi. Kwetu tunasema raundabauti, na nilidhani kipilefti ni jina la mtaa. Mangi nilidhani ni mtu mmoja mashuhuri sana, kumbe ndivyo aitwavyo mwenye duka la mtaani. Ubungo Mataa bado inaitwa hivyo ingawa mgeni akifika pale kinachomjaa machoni ni zile barabara zilizopandana kwa ghorofa. Majina ya aina hii ni matamu, na sitaki hata moja lifutwe. Mji unaoita kituo chake kwa mataa umeishi maisha yake. Taabu ni kwamba jina linaishi hewani tu.

Nitaambiwa pia nitumie ramani ya simu. Wiki ya kwanza mgeni hana laini ya hapa, hana bando, na ana hofu ya kuitoa simu hadharani akapokonywa na mpita njia wa pikipiki. Na hata akiitoa, ramani inamchorea barabara. Haimwambii kwamba gari lililoandikwa G/Mboto ndilo litakalompitisha Tazara.

Najua serikali haikulala. Mwaka 2022, kabla ya sensa, ilifanyika operesheni ya anwani za makazi na postikodi nchi nzima, na mpaka leo tunaona nguzo zenye majina ya mitaa na namba zilizobandikwa kwenye milango. Ile ilikuwa kazi kubwa na yenye faida zake. Lakini nguzo zile zinamwambia mtu jina la mtaa baada ya yeye kufika mtaani. Swali la mgeni aliye ndani ya daladala linakuja kabla ya hapo, nalo ni hili: hapa tuliposimama ni wapi, na kinachofuata ni kipi?

Jibu la swali hilo mmekwisha kulitoa nyinyi wenyewe, ila mmeliweka kwenye barabara chache tu. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwezi Mei mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, kila kituo kilijengwa na kuandikwa jina lake. Na la kufurahisha zaidi, waliopanga hawakwenda kutafuta majina ya heshima kwenye makabrasha. Waliandika Bucha, wakaandika Kona, Tip Top, Fire, kama wananchi wanavyosema. Mgeni asiyejua neno moja la Kiswahili anaweza kuhesabu vituo vile kwa macho na kushuka anapotakiwa. Dada wa Juba, ambaye sasa Kiswahili anakizungumza vizuri, bado akiwa na hiari huchagua mwendokasi hata kama atazunguka, na ukimuuliza sababu anakwambia kwamba ukuta haumezi maneno.

Ombi langu kwenu basi ni kwamba alichopewa abiria wa Kimara apewe na abiria wa Mandela, wa Nyerere, wa Bagamoyo na wa barabara zote ambako daladala husimama. Sisemi mjenge mabanda ya vioo. Nasema bati moja kwenye nguzo moja, liandikwe kwa herufi zinazosomeka kutoka ndani ya gari, na lenye jina lile lile analolitaja konda, si lile lililoko kwenye mchoro wa mhandisi. Pale ambapo jina ni pacha, bati liseme ni pacha yupi: Mbezi ya Beach au Mbezi ya Barabara ya Morogoro, Mtongani ya Kunduchi au ya Temeke. Pale ambapo kituo kina majina mawili, kama ilivyo Simu 2000, yaandikwe yote mawili, kwa kuwa jiji limeyakubali yote mawili na hakuna atakayeshinda kwa kulifuta moja.

Ndani ya gari nako kuna nafasi. Daladala ya Dar es Salaam tayari inalazimika kuandikwa njia yake mbele na kupakwa mstari wa rangi ubavuni, na hakuna mwenye gari aliyefilisika kwa sababu ya rangi hiyo. Mwenye uwezo wa kuamuru mstari wa nje anaweza kuamuru orodha ya vituo iandikwe ndani, juu ya mlango, kwa mpangilio wa kupitwa, na pale mbele patajwe Gongo la Mboto kwa ukamilifu wake, kwani wino wa herufi hizo chache zilizofupishwa sidhani kama ni ghali kiasi hicho. Laiti siku ile ningeona neno Tazara limeandikwa, na chini yake neno Mombasa, nadhani ningegutuka, ningemshika konda mkono, na tungecheka wote wawili tukiwa bado Buguruni.

Kwa wakuu wa vyuo nina maneno machache, ingawa ni makali kidogo. Wiki ya kuwakaribisha wageni tulitembezwa maktaba, kumbi za mihadhara, zahanati na kantini, yaani mahali ambapo hata tungepotea tungepatikana kabla ya chakula cha mchana. Nje ya geti hatukutembezwa. Kisha tukakabidhiwa karatasi zenye masanduku ya posta, tukaambiwa tuhakikishe tumekamilisha kabla ya tarehe fulani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, nasi hatulikatai jembe. Lakini hata huyo anayepewa jembe huoneshwa kwanza shamba liliko. Karatasi mnayompa mgeni iandikwe kwa lugha ya barabarani, ikitaja gari, kituo cha kushukia na upande wa kuvuka. Watu wa kampuni za simu waitwe chuoni siku ya kwanza ili laini zisajiliwe pale pale. Na kila mgeni apewe mwanafunzi mwenyeji mmoja wa kwenda naye safari yake ya kwanza ya kiofisi, kwa nauli ya chuo. Dada aliyenielekeza akisuka nywele angekwenda nami kama angeombwa. Hakuna aliyemwomba, na mimi niliona haya.

Nikiri jambo moja ili nisionekane ninawasomea wenyeji wangu. Mombasa yetu nayo ina ugonjwa huu huu. Mtanzania akija kwetu na kuambiwa ashuke "Lights" atatafuta bango mpaka macho yamuume, na Sabasaba yetu si Sabasaba yenu. Barua kama hii inastahili kuandikwa huko pia, na pengine kuna Mtanzania anayeiandika sasa hivi.

Mimi na wenzangu kumi na mmoja kutoka nchi sita tumeanza kazi kwa uwezo wetu. Kwa wikendi kadhaa tumepanda magari tukiwa na daftari, mmoja akisikiliza mlangoni na mwingine akiandika, nasi tumepata majina ya vituo vya njia nne kama yanavyotamkwa, pamoja na yale majina pacha tuliyokumbana nayo. Tunaomba afisa mmoja tu, kutoka ofisi yoyote kati ya zilizotajwa juu ya barua hii, atupe asubuhi yake moja ya Jumamosi. Tutamkabidhi daftari. Tutakutana Mawasiliano, au Simu 2000 kama atapenda kuiita hivyo, saa mbili asubuhi, tupande gari la Gongo la Mboto naye akiwa amesimama katikati kama nilivyosimama mimi, na ajaribu kututajia tuko wapi bila kumuuliza konda. Nauli tutalipa sisi, na mihogo tutakula Mombasa.

Wenu mtiifu,

Mwanafunzi wa mwaka wa pili, kutoka Mombasa
Dar es Salaam